Redio Niliyoifundisha Kibena

Vijana wangu, ninyi mnaoshika pasi ya kuchomelea na ninyi ambao kazi yenu ni kubonyeza tu, sogeeni. Mimi niliwahi kuifundisha redio Kibena. Ulizeni Makambako. Wazee wa umri wangu, wale wachache tuliobaki, watawaambia kwamba siku za Mwingereza fundi mmoja aliyetoka Rhodesia aliikalisha redio chini akaifundisha Kibena, mpaka ikakisema kama mtu aliyelelewa hapa kwa ugali na viazi. Watawaambia pia kwamba kazi hiyo ilichukua wiki mbili. Hizo wiki mbili nilizitaja mimi, kwa mdomo wangu, na zilikaribia kumchomea mtu nyumba.

Nijitambulishe kwanza. Nilikuwa mtu wa kwanza, kutoka Makambako mpaka Njombe mjini, kuwa na diploma ya ufundi wa redio. Niliipata nikiwa kwenye migodi ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini, kwa njia ya posta. Masomo yalikuja kwenye bahasha, nikayajibu baada ya zamu, wenzangu wakicheza karata. Muhuri wake ni mwekundu, mkubwa kama kisosi. Niliporudi nyumbani nikafungua kibanda pale njia panda ya Makambako na kuitundika diploma ukutani, mkabala na mlango, ili anayeingia aione kabla hajaniona mimi. Wapo waliosema diploma iliyokuja kwenye gunia la barua si diploma. Redio zao zilipokufa walizileta kwangu hao hao, nami nilizitengeneza nikiwa nimewapa mgongo kwa makusudi, wapate nafasi ya kuisoma vizuri.

Hata hivyo, somo kubwa kuliko yote halikuja kwenye bahasha. Nilipewa na mzee mmoja wa Nyasaland aliyekuwa akitengeneza redio za wakubwa wa mgodi. Yeye hakuwa na cheti hata cha ubatizo. Siku ya kwanza aliniwekea redio mezani ikiwa inaimba vizuri kabisa, akaniuliza, "Inasema nini?"

Nikamwambia, "Inaimba."

"Sikukuuliza kama inaimba. Hapo ulipo umeanza kuisikiliza kama mteja. Fundi haisikilizi redio, kijana. Fundi anauliza waya unatoka wapi."

Akanifundisha kunusa kabla ya kufungua. Waya ulioungua una harufu yake, panya aliyezaa ndani ana harufu yake, na mteja aliyeifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni halafu akairudishia, naye ana harufu yake: harufu ya jasho na uongo. Akanifundisha pia kwamba redio ina nyaya mbili za nje, mmoja wa kwenda juu na mmoja wa kwenda ardhini, na kwamba watu wote wanautazama ule wa juu. Mimi niliyasikia yote haya nikayaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, kisha nikayasahau.

Nasema nikayasahau kwa sababu mwaka ule ule niliorudi niliitwa kwenye misheni moja ya Wakatoliki karibu na Njombe. Redio ya padri ilikuwa inakoroma tu. Nikaivua kila kitu. Nikapanga valvu zake, zile taa ndogo za kioo, kwenye taulo kama mayai, nikazipangusa moja moja, nikazirudisha. Inakoroma. Nikazivua tena. Siku nzima. Jioni mpishi akatoka nje, akamwaga maji ya vyombo dirishani, na redio ikaanza kusema waziwazi kama imeamshwa. Waya wa ardhini ulikuwa umechimbiwa hapo chini ya dirisha, na udongo ulikuwa umekauka kwa kiangazi. Padri akaja mbio. "Umeweza!" Nikafuta mikono yangu polepole, nikamwambia, "Ilikuwa kazi ngumu." Mpishi akanitazama. Mpaka leo sijui alikuwa anajua kiasi gani.

Hiyo ndiyo tabia yangu ya wakati ule. Mtu akinisifia kwa jambo ambalo sikulifanya, nilikuwa naona si adabu kumkatalia.

Sasa twende Makambako, kwenye hoteli ya chai ya Festo. Nikisema hoteli msifikirie vitanda. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye mabenchi, kabati la vikombe, na jiko lililotengwa kwa ukuta wa mianzi iliyokandikwa. Festo alikuwa mtu mwema, mnene, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kuimba besi kanisani. Alinunua redio kubwa ya betri, nikaifunga mimi, na siku ya kuifungua tuliwaalika watu. Aliyekuja wa kwanza ni shangazi yangu, dada wa baba, mama mmoja mfupi aliyekuwa akilima viazi na asiyeogopa mtu.

Redio ikawashwa. Sauti kutoka Dar es Salaam ikaanza kusoma habari. Shangazi akasimama mbele yake, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, akaisalimia kwa heshima: "Kamwene!"

Redio ikaendelea na bei ya mkonge.

"Kamwene!" akarudia, kwa sauti zaidi, akidhani ni kiziwi.

Bei ya mkonge.

Akanigeukia. "Huyu mgeni wako ni wa namna gani? Anaingia nyumba ya watu, anaanza kusema mambo yake, salamu haitikii?"

"Shangazi, hakusikii. Yuko Dar es Salaam."

"Kama hanisikii, kwa nini anasema nami?"

Akachukua kikapu chake akaondoka, na akaapa kwamba hatakaa tena na kitu kisicho na adabu. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na diploma.

Ile redio ilisema Kiswahili, na Kiswahili chetu kilikuwa cha shuleni, sokoni na bomani. Wazee wengi na akina mama walishika neno hapa na neno pale. Kwa hiyo Festo akawa anasikiliza kidogo, anapunguza sauti, halafu anawaeleza watu kwa Kibena. Wakawa wengi. Waliokaa nyuma hawakusikia. Akaja kwangu: "Fundi, nipe namna ya kupaza sauti."

Hapa ndipo niwafundishe kidogo, wale wa ufundi. Nyuma ya redio za siku zile palikuwa na matundu ya kuunganishia gramafoni. Kitu chochote kikiingia pale hutokea mbele kikiwa kimekuzwa. Na spika, mkiisemea badala ya kuisikiliza, hugeuka kuwa sikio. Nikachukua spika ndogo ya redio iliyokufa, nikaifunga ndani ya kopo la maziwa, nikavuta waya mpaka kwenye yale matundu, nikaweka na swichi. Ukiibonyeza huku, inasema Dar es Salaam. Ukiibonyeza kule, anasema Festo, kwa sauti ile ile nzito inayotoka kwenye kitambaa kile kile cha mbele ya redio. Kazi nzuri. Ningeileta leo mbele yenu bila aibu.

Mwanzoni Festo alikaa karibu na redio, kopo mkononi, kila mtu akimwona. Lakini kulikuwa na baridi ya Juni, ile inayouma masikio, na mke wake alikuwa ameteguka mguu, hawezi kusimama jikoni muda mrefu. Festo akaniomba nimwongezee waya ili atafsiri huku akigeuza maandazi. Nikaupitisha waya chini ya mkeka, nyuma ya kabati la vikombe, ukatokea jikoni pamoja na swichi yake. Nilijivunia sana kwamba hauonekani kabisa. Nimekuwa hivyo siku zote: sipendi waya uonekane.

Basi watu waliokuja baadaye, wa kutoka vijiji vya mbali, waliingia wakakuta redio peke yake juu ya kabati inasema Kibena. Festo hayupo. Na nani angefikiri kwamba yuko jikoni? Kwetu jiko ni la mwenye mji wa kike. Mwanamume akionekana amechuchumaa kwenye kikaango, ataimbwa mpaka kwenye vilabu vya pombe ya ulanzi. Mkewe, kwa kumfichia aibu hiyo, alikuwa akiulizwa anajibu, "Bwana yuko Njombe, amefuata unga."

Mzee mmoja akanishika mkono barabarani. "Fundi, ni kweli wewe ndiye uliyeifundisha redio Kibena?"

Ningeweza kusema, "Hapana, baba, ni Festo, yuko jikoni anakaanga maandazi." Maneno machache tu. Badala yake nilitazama chini kwa unyenyekevu, nikasema, "Ilinichukua wiki mbili."

Mambo yangeishia hapo, tukawa na kichekesho tu, kama usingekuja uchaguzi.

Ulikuwa uchaguzi wa kwanza ambao sisi wenyeji tuliitwa kupiga kura, na si wote. Ilibidi uwe umefika darasa la nane, au una kipato cha kueleweka, au una cheo. Na ukishaingia unapiga kura tatu kwenye karatasi moja: ya Mwafrika, ya Mhindi na ya Mzungu. Ukiacha mmoja, karatasi imeharibika. Chama chetu cha kudai uhuru kilikuwa kimebishana sana kama tuukubali mchezo huo au tuukatae, na mwishowe kikasema tuingie. Mambo ya kuwachanganya watu yalikuwa mengi hata bila msaada wa mtu yeyote.

Mwandikishaji wa upande wetu alikuwa Mwalimu Obadia. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye koti moja la kijivu, na alisoma shule ya misheni ya Kidugala siku ambazo walikwenda huko kwa miguu. Nilipokwenda kujiandikisha nilibeba diploma yangu ikiwa ndani ya fremu. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaandika kwenye daftari: "Fundi."

"Mwalimu, andika na diploma."

"Nafasi ni ndogo," akasema. "Na wewe ungetaka na muhuri uchorwe."

Basi. Festo naye jikoni akagundua jambo ambalo kila mwenye kopo la kusemea hugundua. Habari ya kweli ikisemwa, watu wanakunywa chai wanaondoka. Habari ya kutisha ikisemwa, wanakaa. Wanaagiza tena. Kesho wanakuja na mashemeji. Alianza kwa kuongeza chumvi kidogo. Halafu siku moja, badala ya kubonyeza swichi asikilize Dar es Salaam kwanza, akaanza kusema tu.

Redio ikasema: Je, mnajua kwa nini karatasi ya kujiandikisha inauliza unaishi wapi na unapata nini? Je, mnajua kwa nini kura ni tatu? Ya kwanza ni kukufurahisha. Ya pili ni kukuchanganya. Ya tatu, ile ya Mzungu, ndiyo hati. Ukiitia alama, umempa shamba kuanzia pale unapolala mpaka pale mwenzako asiyeandikishwa anapoanzia, na la huyo nalo linafuata. Wataalamu wa London wamesema hivyo. Serikali haitaki mjue.

Msicheke haraka. Watu walikuwa wameona miwati, ile miti ya magome ya Wazungu, ikipandwa kwenye vilima ambavyo jana vilikuwa malisho yao. Uongo ule ulikuwa na mguu mmoja wa kweli, na kwa mguu huo ulitembea mpaka Njombe. Na ulisemwa na redio yenyewe, kwa lugha ya mama zao. Dar es Salaam ilipokanusha kwa Kiswahili, wakasema: mnaona, ile ya Kiswahili ndiyo ya serikali, ya Kibena ndiyo inayosema kweli.

Watu wenye sifa ya kupiga kura wakaanza kwenda kufuta majina yao. Wasio na sifa, ambao ndio waliokuwa wengi, wakaanza kumtazama Mwalimu Obadia kama mtu anayewauza. Siku moja mawe yalipigwa juu ya bati lake mchana kweupe. Mkewe akachukua watoto akawapeleka kwa ndugu zake Kidugala.

Mwalimu akaja kibandani kwangu. Hakutazama ukuta wenye diploma.

"Ni wewe uliyeifundisha ile redio Kibena?"

Nikakohoa. "Mwalimu, ni jambo la kitaalamu kidogo..."

"Basi ifundishe na kunyamaza."

Nikamweleza yote: kopo, waya, Festo, maandazi. Alisikiliza akiwa amesimama. Nikamwambia, "Naweza kwenda sasa hivi nikang'oa valvu moja. Itakufa."

"Ikifa leo watasema imeuawa kwa sababu ilisema kweli, nao watakuja kwangu kesho badala ya keshokutwa. Waambie tu ukweli. Wewe wanakuamini."

"Nitawaambia, Mwalimu."

Nami nilikusudia kweli. Lakini kutoka kibandani kwangu mpaka hotelini ni hatua kama mia mbili, na katika hatua hizo nilisimamishwa na watu wanne walionipongeza. Nikaona nitawaambia kesho. Kesho yake alikuja mtu kutoka Bulongwa, amepanda lori siku nzima, kuniomba niifundishe redio yake Kikinga. Mngekuwa ninyi mngemwambia nini? Nikamwambia Kikinga ni kigumu zaidi, anipe mwezi.

Ikafika siku ya soko. Siku hiyo gari la boma lilikuwa lije kuchukua daftari la wapiga kura kulipeleka Njombe, na kila mtu alijua. Nilikuwa nimeinamia redio yangu mezani nikasikia kelele. Nikatoka. Hoteli ya Festo ilikuwa imefurika mpaka barabarani, na sauti ya redio ilisikika mpaka nje: "Leo gari likishavuka na lile daftari, mashamba yamekwisha. Leo. Watoto wenu watawauliza mlikuwa wapi." Mbele walisimama vijana wenye fimbo. Mmoja alikuwa na mafungu mawili ya nyasi kavu na mwingine chupa ya mafuta ya taa. Nyumba ya Mwalimu Obadia ilikuwa nyuma ya soko, na yeye alikuwa ndani, amelikalia daftari akisubiri gari.

Nikaingia kwa kusukuma watu. Sikusalimia mtu. Nikapanda juu ya benchi nikapiga kelele, "Jamani! Hiyo si redio! Ni Festo!"

Mzee yule yule aliyenishika mkono barabarani akasema kwa upole, "Fundi, si wewe uliyetuambia umeifundisha Kibena wiki mbili?"

"Niliwadanganya, baba."

"Ulitudanganya siku ile, au unatudanganya leo?"

Nikaikimbilia diploma, maana yake nikaukimbilia utaalamu. "Tazameni," nikasema, "nautoa waya wa juu. Redio bila waya wa juu haishiki kitu." Nikauchomoa. Sauti ikaendelea: "Leo, leo, ndugu zangu!"

Watu wakashangaa. Mmoja akasema, "Lo! Huyu fundi ameipa nguvu hata bila waya!"

Nikazungusha kitufe cha stesheni kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Sauti ile ile.

"Mnaona?" mwenye mafuta ya taa akapiga kelele. "Stesheni zote zinasema hivyo hivyo!"

Hapo nikakumbuka mzee wangu wa Nyasaland. Uliza waya unatoka wapi. Nikainama niufunue mkeka niwaonyeshe. Vijana wawili wakanidaka mikono. "Usiiharibu! Umehongwa na boma!" Nikabanwa ukutani, kofia chini, fundi mzima mwenye diploma, nikiwa sina hata mkono wa kujikunia. Vijana wenye nyasi wakaanza kugeuka kuelekea mlangoni.

Mlango ulikuwa umezibwa. Shangazi yangu alikuwa amesimama hapo na kikapu cha viazi alivyoagizwa na mke wa Festo. Alikuwa hajakanyaga pale tangu siku ya bei ya mkonge. Vijana wakampisha, kwa sababu alikuwa mtu mzima na ana mzigo. Akatua kikapu. Akaisikia redio inasema Kibena. Akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayemkumbuka mtu. Kisha akaisogelea, akafunga vizuri kitambaa chake, akasema:

"Kamwene!"

Redio ikakatika katikati ya neno.

Ninyi watoto wa siku hizi mnapita watu kama mnapita nguzo, hamwezi kuelewa. Mtu aliyelelewa Ubena, akisalimiwa na mama wa rika la mama yake, hawezi kuinyamazia salamu ile. Haitoki kichwani, inatoka yenyewe, kama kupiga chafya. Ile sauti nzito, ya wataalamu wa London, ikasema kwa unyenyekevu:

"Kamwene, mama."

"Mmeamkaje?" Shangazi akauliza.

"Tumeamka salama, mama."

"Watoto?"

"Wazima, mama."

"Na mguu wa mkeo?"

"Unaendelea vizuri, mama, jana ameweza hata..." Redio ikanyamaza ghafla, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa mkono.

Mzee yule akajikuna kidevu. "Redio ina mke?"

"Tena mwenye mguu," akasema mwingine.

Mwenye mafungu ya nyasi akayatazama mafungu yake kana kwamba hajui nani amempa. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kamwene, redio!" Kimya. "Sasa imekosa adabu!" Kicheko kikaanzia kwa akina mama wa viazi, kikaenda mpaka barabarani. Na hapo moshi wa maandazi yanayoungua ukaanza kutokea juu ya ule ukuta wa mianzi, na mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mke wa Festo akichechemea, mwiko mkononi.

"Mtoeni!" akasema. "Mtoeni mwanamume huyu jikoni kwangu, nimechoka kusema yuko Njombe!"

Festo akatoka amejaa unga mpaka kwenye nyusi, kopo la maziwa mkononi, na waya unamfuata nyuma kama mkia. Wale wawili wakaniachia mikono. Nikaokota kofia yangu.

Sitawadanganya kwamba wote walicheka. Wanaume watano au sita walikwenda hata hivyo mpaka nyumbani kwa Mwalimu, wakasimama mbele ya mlango wake. Lakini mtu akishaimbiwa "Kamwene, redio!" na wanawake wa soko zima wanaomfuata nyuma, mkono wa kuwasha kiberiti unakuwa mzito. Gari likaja. Mwalimu akatoka na daftari kwapani, koti limefungwa vifungo vyote, akapita katikati yao akiwaitikia salamu. Ila daftari lile lilikuwa na mistari mingi iliyofutwa, na waliofutwa hawakupiga kura. Mwalimu Obadia alicheka nami mambo mengi katika maisha yake. Hilo hakulicheka.

Festo alinieleza baadaye, akipepea moto. "Mwanzoni nilijua natunga. Siku ya tatu watu wakaanza kunirudishia maneno yangu, eti wameyasikia Njombe. Nikasema, kumbe ni kweli! Nikaenda kupigilia vigingi mpakani mwa shamba langu." Nilimwamini. Vigingi nilikuwa nimeviona.

Mimi nilipewa adhabu yangu na Mwalimu. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya usharika, nikasema: sikuifundisha redio Kibena. Hakuna wiki mbili. Nilifunga waya nikauficha, na mliponisifia nilinyamaza. Yalikuwa maneno magumu kuliko mtihani wowote uliowahi kunijia kwa bahasha. Nilipotoka nje, yule mzee wangu wa barabarani alikuwa ananisubiri. Akanivuta pembeni, akatazama kushoto na kulia, akaninong'oneza:

"Pole, mwanangu. Tunajua wamekulazimisha kusema hivyo."

Nilimbishia miaka saba, mpaka alipofariki. Ndiyo maana nawasimulia ninyi, ambao hamjaanza kunisifia.

Shangazi nilimwuliza siku ile ile, nikimbebea kikapu. "Shangazi, ulijua ni Festo?"

"Nijue nini? Nilisalimia. Wewe ndiye uliyeingia nyumba ya watu ukapanda benchi kwa viatu bila kusema hata kamwene, halafu unashangaa hawakukusikiliza."

Nimetengeneza redio nyingi tangu hapo, za valvu, za betri ndogo, mpaka hizi zinazokaa ndani ya simu. Diploma bado iko ukutani, na mkija mtaiona kabla hamjaniona. Lakini kila redio inayoletwa mezani kwangu, kabla sijainusa, kabla sijaigusa, huwa naisogelea naiambia, "Kamwene." Wajukuu wanadhani ni uzee. Mpaka leo haijanijibu hata moja, na hapo ndipo ninapojua ni redio.